Shajara ya mradi: mwendo wa bodaboda kwa kipimo cha mnazi

Jumapili, mwanzoni mwa Machi

Mradi wenyewe ni ubao mmoja wa plaiwudi. Utatundikwa kijiweni kwetu Sinza, ubavuni mwa gereji yangu, na kazi yake ni kumwambia dereva wa bodaboda atahitaji mita ngapi kusimama akiwa kwenye mwendo fulani. Mwenyekiti wa kijiwe ametoa ukuta, mwalimu wa fizikia aliyepanga nyumba ya nyuma ametoa hesabu, mimi natoa spana, pikipiki na kelele.

Asubuhi nzima imeishia kwenye swali moja: nani anaiogopa 50? Mwambie kijana "ulikuwa unakwenda 50", atakucheka. Kwake huo ni mwendo wa kumpeleka bibi harusi. Sheria inasema 50 ndiyo mwisho kwenye makazi ya watu, lakini ukiifuata barabara ya Shekilango utapigiwa honi mpaka uone aibu. Ile namba haimgusi mtu mwilini. Sasa mpandishe kijana huyohuyo kwenye paa la nyumba ya ghorofa, mwambie asogee ukingoni achungulie chini, uone atakavyotafuta pa kujishikilia. Mwalimu akasema basi tusiwauzie kasi, tuwauzie kimo.

Hesabu ni fupi. Kitu kinachoanguka huongeza kasi ya mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Kwa hiyo kila kasi ina kimo chake, yaani urefu ambao ukiangukia kutoka huko utafika chini na kasi hiyohiyo. Chukua kasi katika mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa 19.6. Kilomita 50 kwa saa ni mita 13.9 kwa sekunde. Jibu ni mita 9.8. Anayeuvaa ukuta na 50 ni sawa na aliyedondoka kutoka juu ya ghorofa ya tatu.

Tukaendelea kujaza daftari. 30 ni mita 3.5. 60 ni mita 14. 80, ambayo ndiyo kikomo cha basi la abiria kwenye barabara kuu, ni mita 25, kilele cha mnazi mrefu. Mwenyekiti ndiye aliyeshtuka wa kwanza: "Ngoja, mwalimu. Toka 30 mpaka 60 nimezidisha mara mbili tu. Mbona kimo kimekuwa mara nne?" Ndipo ulipo mradi wote. Nishati ya kitu kilicho mwendoni hukua kwa mraba wa kasi, na mkono ulioshika akseleta hauna habari na mraba. Ukiongeza 10 pale kwenye 20 umejipandisha mita mbili. Ukiongeza 10 zilezile pale kwenye 70 umejipandisha zaidi ya mita 5.

Jumamosi, juu ya paa

Kabla hatujaandika lolote ubaoni, madereva walitaka kuona kwa macho. Mwenye nyumba jirani alitupa ruhusa ya kupanda kwenye paa la zege, mita 9 kutoka chini, kwa sharti kwamba tufunge njia na tufagie tukimaliza.

Dau lilikuwa limewekwa kwamba kizito kinatangulia. Tukaachia pamoja dafu na chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji. Kishindo kimoja. Tukarudia kwa dafu kubwa na dafu dogo. Kishindo kimoja tena. Simu ya dogo mmoja inarekodi picha 240 kwa sekunde, tukahesabu polepole: dafu lilikaa hewani sekunde moja na theluthi hivi, kama hesabu ilivyotaka. Maelezo ya mwalimu nayapenda kwa sababu hayana mbwembwe. Dunia inakivuta kizito kwa kani kubwa zaidi, ni kweli, lakini kizito nacho ni kigumu zaidi kukitoa pale kilipo, kwa kiwango kilekile. Kinachopatikana huku kinalipwa kule. Mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa, vikagusa chini kwa pamoja. Video yake ipo, ikazunguka kijiwe kizima.

Chupa tupu ilichelewa waziwazi, na waliokuwa wamepoteza dau wakafufuka. Hapo hewa ndiyo imeingia kazini. Ukinzani wa hewa hutazama umbo na kasi, hautazami uzito. Chupa tupu na iliyojaa zinapata msukumo uleule kutoka chini zikiwa kwenye kasi moja, ila iliyojaa ina uzito wa kutosha kuupuuza. Kwa parashuti tulikata kitambaa cha mwavuli mbovu. Mfuko wa rambo ungefaa zaidi, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na sikutaka mradi wa usalama uanze kwa kuvunja sheria. Kile kitambaa kiliteremka na betri kuukuu kwa mwendo usiobadilika, kwa sababu kilifika mahali ambapo ukinzani wa hewa umelingana na uzito, na kani mbili zikilingana hakuna kinachoongezeka.

Kilichonipa faida zaidi hakikuwa kwenye mpango. Dafu la kwanza lilipasuka vipande kwenye zege, maji yakaruka hadi ukutani. La pili liliangukia rundo la tairi chakavu nililokuwa nimelisogeza kando, likadunda, likatulia zima. Paa ni lile lile, kasi ni ile ile. Mmoja wa vijana akalinywa palepale.

Jumanne jioni, gerejini

Hilo dafu zima ndilo lililotupa fomyula ya ubao. Mwalimu aliiandika kwa chaki kwenye mlango wangu wa bati na bado ipo: kimo gawanya kwa umbali wa kusimama. Jibu linakwambia umesimamishwa kwa kani ambayo ni mara ngapi ya uzito wako.

Mfano wa kiti cha mbele cha gari. Gari linagonga ukiwa 50, kimo chako ni mita 9.8. Ukiwa umefunga mkanda, na bodi ya mbele ikajikunja, mwili wako unasimama ndani ya nusu mita hivi. 9.8 gawanya kwa 0.5 ni kama mara 20 ya uzito wako. Ni maumivu, ila mtu hupona. Bila mkanda, kifua kinasimamishwa na usukani ndani ya sentimita chache, na hapo mara 20 zinageuka mara 100 na zaidi. Halafu kuna mama anayepakata mtoto wa kilo 10 kwenye daladala na kusema "nimemshika". Kwa kipimo hichohicho anatakiwa kumzuia kwa kani ya kuinulia kilo 200. Hakuna mikono ya namna hiyo Dar nzima.

Helmeti nayo ikapata maelezo yake. Kichwa cha abiria aliyekaa juu ya pikipiki iliyosimama kipo kama mita moja na nusu kutoka chini. Ukidondoka tu kutoka pale, bila pikipiki kutembea hata hatua, kichwa kinafika lami na mwendo wa karibu 20. Fuvu peke yake linasimama ndani ya milimita chache. Lile povu gumu la ndani ya helmeti linajibonyeza sentimita mbili tatu, na sentimita hizo ndizo unazonunua. Povu likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyowahi kupiga lami ni pambo, hata ikipigwa rangi upya. Na ile isiyofungwa kamba kidevuni inatangulia safari ya kwake. Hili nimelisema kijiweni hadi sauti imekauka, nikaambiwa abiria wanalalamika nywele zinaharibika.

Sasa ingia kwenye breki. Kusimama kwa breki ni kuanguka kulekule, ila kumenyooshwa barabarani. Anayesimamisha ni msuguano kati ya tairi na lami, na uwezo wa msuguano unapimwa kwa sehemu ya uzito. Tairi zima kwenye lami kavu linaweza kukupa kani ya takriban 0.7 ya uzito. Basi geuza fomyula: kimo gawanya kwa 0.7. Ukiwa 50, mita 9.8 gawanya kwa 0.7 ni mita 14. Uzito wa chombo umetoweka kwenye hesabu, jambo lililozua ubishi mkubwa, kwa maana kila mtu anajua lori halisimami kama pikipiki. Ni kweli halisimami, lakini sababu ziko kwingine: breki za upepo zinachelewa kidogo mpaka hewa ifike kwenye magurudumu, mzigo ukizidi breki zinashindwa kuzalisha kani yote ambayo tairi lingeweza kuipokea, na kwenye mteremko mrefu kama Kitonga dramu zinachemka mpaka zinapoteza mshiko. Dereva anayeshuka kule kwa gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote, akifika chini na kusema breki zimekataa, kwangu mimi yeye ndiye aliyezikatalia juu.

Jumapili alfajiri, mizani ya samaki

Sikutaka kuichukua ile 0.7 kwa imani. Nilikopa mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, nikafunga kipande cha tairi la nyuma chini ya ubao, nikaweka mawe mpaka jumla ikafika kilo 10, tukauburuta kwenye lami ya mtaa kabla magari hayajaamka. Mshale ulitulia kwenye 7, ukipanda kidogo pale tu tulipouanzisha mwendo. Huko kupanda kuna maana yake: mshiko wa kitu ambacho hakijaanza kuteleza ni mkubwa kuliko wa kinachoteleza. Tairi linalozunguka huku linabanwa bado limeshika; likifunga na kuserereka limeshapoteza sehemu ya mshiko, na usukani umeondoka nao.

Kisha tukauburuta ukingoni, pale mchanga unapokusanyikia baada ya kufagiwa na upepo wa magari. Mshale ukashuka chini ya 5. Mchanga unafanya chembe zizunguke kati ya mpira na lami. Ukitazama mahali bodaboda wengi wanapoangukia hapa mtaani, ni hapohapo, kwenye kona ya kuingia barabara ya vumbi, na kila mmoja anasema "sijui imekuwaje".

Kwa maji tulimwaga ndoo. Mizani haikushuka sana, na mwalimu akatuzuia kushangilia. Tulikuwa tunaburuta kwa mwendo wa miguu, maji yanapata muda wa kukimbia. Kwenye 60 au 80 hayapati muda huo, na yale mashimo ya kashata za tairi ndiyo mifereji yake. Tairi kipara halina mifereji. Kwa ubao tutatumia 0.4 kwa lami yenye maji, na hiyo ni kwa tairi lenye kashata.

Wiki ya mvua

Masika yamegonga hodi, kazi za nje zimesimama, wateja wa gereji wamejaa wakitaka pedi za breki walizotakiwa kubadilisha Januari.

Mwalimu alipita na hesabu ya mvua na nimeona niihifadhi hapa. Tone likianguka kutoka wingu lililo kilomita moja juu, kusingekuwa na hewa, lingetufikia na mwendo wa kilomita 500 kwa saa. Mabati yote ya Sinza yangekuwa chujio. Ukinzani wa hewa unaliwekea kikomo, na hata tone kubwa linafika na kama 30 hivi.

La barabarani ni kwamba dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya kuliko mvua yenyewe. Vumbi, oili na dizeli vilivyodondoka miezi yote ya kiangazi, hasa kwenye vituo na kwenye taa ambako magari husimama, vinaelea na kuwa utelezi kabla havijasombwa. Wenye uzoefu hapa kijiweni huenda kunywa chai kwa mama ntilie mpaka barabara ioshwe. Wageni hukimbilia nauli ya mvua.

Jumamosi, uwanjani

Jua limerudi. Tumepata kipande cha lami ndani ya uwanja wa maegesho, milango ikafungwa. Mwendo 30 tu, helmeti na jaketi nene, dereva mmoja mzoefu, kasi kwa GPS ya simu kwa sababu mshale wa ile pikipiki ulishakufa. Tulichora mstari wa chaki, na yeye anashika breki gurudumu la mbele likiugusa.

Vijana wengi hapa wanaishi kwa breki ya mguu. Ya mbele wanaiita mchawi, inapindua. Kwa ya nyuma peke yake dereva alisimama karibu na mita 10, tairi likichora mstari mweusi na mkia ukitikisika. Kwa zote mbili, akiibana ya mbele kwa kuiongeza taratibu, alisimama karibu na mita 5. Kimo cha 30 ni mita 3.5, gawanya kwa 0.7 unapata 5. Mwalimu alijitahidi asicheke, akashindwa.

Sababu inaonekana kwenye video ukiipunguza mwendo. Breki inaposhika, shokapu za mbele zinazama, kiti cha nyuma kinanyanyuka kidogo. Uzito umehamia gurudumu la mbele. Msuguano hufuata mgandamizo, kwa hiyo mshiko mwingi sasa uko mbele, na lile la nyuma, lililobaki jepesi, linafunga na kuserereka hata ukilikanyaga kidogo. Anayepinduliwa na breki ya mbele ni yule aliyeinyakua kwa ghafla kabla uzito haujahama, au aliyeishika kwenye mchanga, au akiwa amelalia kona. Kuna mwingine alitaka tujaribu na mishikaki, abiria wawili nyuma. Nilikataa.

Wiki iliyofuata, ubao wenyewe

Kuna namba moja ilizua zogo, nayo ni sekunde. Tangu jicho lione mpaka breki ianze kushika, dereva mwenye akili zake hutumia kama sekunde moja, na mwenye simu mkononi hutumia zaidi. Ndani ya sekunde hiyo chombo kinakwenda kwa mwendo wake wote. Ukiwa 50 ni mita 14, urefu wa Coaster mbili, kabla breki haijafanya lolote. Vijana walitaka tuandike nusu sekunde, "sisi tuko makini". Mwenyekiti akaamua: moja.

Maandishi yamekwenda hivi, rangi nyeupe juu ya nyeusi:

Mwendo 30: kimo mita 3.5. Kavu mita 13, mvua mita 17.
Mwendo 50: kimo mita 10. Kavu mita 28, mvua mita 38.
Mwendo 60: kimo mita 14. Kavu mita 37, mvua mita 52.
Mwendo 80: kimo mita 25. Kavu mita 58, mvua mita 85.

Chini yake nimeongeza jambo ambalo mwalimu alinikokotolea nikadhani anatania. Pikipiki mbili ziko sambamba, moja 50, moja 60. Mtoto anatokea mita 28 mbele, wote wanaona pamoja, wanashika breki pamoja. Wa 50 anasimama akimgusa mtoto kwa tairi tu. Wa 60, pale mwenzake aliposimama, bado anakwenda 40. Siyo 10. Arobaini, kimo cha mita 6, juu ya ghorofa ya pili. Alipoteza mita karibu 3 katika ile sekunde ya kwanza, na nishati aliyoanza nayo ilikuwa karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Nimeisoma kwa sauti kijiweni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha palepale. Waliniomba daftari wakapiga hesabu wenyewe kwenye simu, ikatoka ileile.

Baada ya ubao

Ubao uko ukutani. Maswali yanayokuja ni bora kuliko niliyoyatarajia.

Dereva mmoja anayepita njia ya reli kila siku aliuliza treni je. Tukaifanyia palepale: SGR ikiwa 160, kimo chake ni mita 100. Chuma juu ya chuma hakina mshiko wa mpira juu ya lami. Tukichukulia sehemu ya kumi tu ya uzito, mita 100 gawanya kwa 0.1 ni kilomita nzima. SGR imezungushiwa uzio. Reli ya zamani bado inakatiza mitaa, na kuna watu huvuka wakidhani dereva wa treni atawaona na kupunguza.

Konda wa daladala alikuja na lake, na hili ndilo linalofuata kwenye mradi. Ubao unasema habari za dereva, yeye anasimama mlangoni na abiria 20 wamening'inia kwenye bomba. Dereva akifunga breki za nguvu kamili, basi linasimamishwa na lami, lakini abiria hajashikwa na lami; mwili wake unaendelea na mwendo ule ule mpaka kitu kimzuie. Wa kilo 70 anatakiwa kujizuia kwa kani ya karibu kilo 50, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mfuko. Tumeazimia kuifunga ile mizani ya samaki kwenye bomba la Coaster iliyoegeshwa gerejini na kuona mtu wa kawaida anaweza kuvuta kilo ngapi kabla vidole havijaachia. Mwenye mizani anasema safari hii nimlipe.